Sikio la Kushoto

Shangazi yangu Robai Ing'asia
aliketi miaka kumi na tisa mbele ya ubao wa simu
posta ya Kakamega,
ubao wenye matundu kama sega la nyuki,
na kila tundu lilikuwa mji:
Kisumu juu, Nakuru chini yake,
Eldama Ravine lililolegea, usukume kwa dole gumba.

"Mtu akisema na mtu," huniambia,
"waya wote ni wao.
Hata wakinyamaza ni wao. Ukimya wao unalipiwa."
Sikio lake la kushoto, lililovaa kisikizio miaka yote hiyo,
sasa halisikii.
"Limejaa Kisumu," husema.

Mimi hufunga ruta.
Jana nilishuka darini mwa zahanati ya Lurambi
nina utando wa buibui kichwani.
"Hicho kilemba ndicho intaneti?" akauliza.

Nikamwambia: Shangazi, siku hizi waya hauna mwenyewe.
Maneno yako yanakatwakatwa vipande,
kila kipande kinapigwa mhuri:
kimetoka wapi, kinakwenda wapi, ni cha ngapi.
Kisha vinaachiwa barabarani
vikichangamana na vya watu wengine,
picha ya harusi ya Butere nyuma ya bei ya mahindi ya Kitale,
sala bega kwa bega na tusi.
Kimoja kitapita Kisumu,
kingine kikute Kisumu kumejaa, kizungukie Eldoret,
na cha tatu huenda kikatangulia cha kwanza.
Kila njia panda pana ruta.
Haiijui safari nzima, inamjua jirani tu:
wewe pitia kwa huyu. Basi.

"Kama kuuliza njia Shinyalu," akasema.
"Hapana anayekufikisha,
lakini unafika."

Na kila mashine ina namba, nikaendelea,
namba ndefu, binadamu haikariri,
kwa hiyo ipo seva ambayo kazi yake ni kuulizwa tu:
fulani anakaa wapi?
Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Huyo si mimi! Walikuwa wananiambia,
nipe yule wa duka la baiskeli Mumias,
namba yake ninayo kichwani, sitini na nne."
Sitini na nne, akarudia, taratibu,
kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.

Kisha: "Na katikati anaketi nani?"
Hakuna, Shangazi.
"Hakuna anayesikia?"
Wapo wanaochungulia, ndiyo maana tunafunga kwa kufuli za hesabu.
Lakini kusikia, kama wewe, hakuna.

Akanyamaza.
Akanisimulia usiku wa mvua ya mawe,
mtu wa Malava kapigiwa simu kutoka Nakuru,
kaambiwa mtoto hakuamka wodini.
Dakika tatu zikaisha. Sheria ilisema chomoa.
"Sikuchomoa. Huku mama analia,
kule Malava baba anapumua tu, hasemi.
Nikawaachia waya
mpaka mvua ikakatika.
Kwenye daftari nikaandika: dakika tatu."

Nikaitazama ruta mapajani, taa zake za kijani
zikikonyeza vilevile kwa kilio na kwa mzaha.
Kwenye mtandao wangu asiyesema hatumi kitu.
Kimya hakina pakiti.
Yule baba wa Malava
angeonekana hayupo.

Nikatafuta la kumpa, nikapata moja.
Kipande kikipotea njiani, Shangazi,
aliye mwisho wa safari hudai:
nimepokea hadi cha saba, nitumie cha nane.
Na aliyetuma hutuma tena,
na tena,
bila kununa.

Akanigeuzia sikio la kulia.
"Hicho cha mwisho hakikufika," akasema.

Nikahamisha kigoda, nikaketi upande ule,
nikaanza upya.